Kilio cha Kaakaa

Baba alikiita kilio:
kipande cha pembe ya mbuzi, kimepinda kama ukucha wa gumba,
kimewambwa utando, hukaa juu ya ulimi.
Ukikipuliza vizuri
digidigi jike huacha jani mdomoni
akaja kuuliza nani anamwonea mwanawe.

Nilikirithi mwezi wa sita
pamoja na redio isiyo na mfuniko wa betri
na deni la magunia mawili ya uwele kwa Chibago.
Deni nimelipa. Redio inasema.
Kilio kimenikataa.

Nilikitia kinywani, kikatoa sauti ya bawaba.
Nikakisogeza mbele: bata.
Nyuma: nikatapika mlenda wa mchana.
Nyemo, mke wangu, akasema kupitia dirishani,
Kama ni jino, nenda Mvumi, unawatisha kuku.

Ndipo nikaelewa.
Alikichonga kwa kaakaa lake,
lililoinuka kama dari la kanisa.
Langu ni bapa, paa la tembe.
Nikachukua tupa, nikaanza kumpunguza baba
pembeni, kidogo kidogo,
nikitema unga wake kwenye kiganja,
nikijaribu, nikipunguza tena,
na mapema nikajua: kilichokwisha kukatwa hakiungwi.

Utando wake ulikuwa wa kibofu cha mbuzi,
kiangazi kiliukakamaza.
Mfuko wa plastiki ulinong'ona, haukulia.
Mpira wa baiskeli ulilia, lakini kilevi.
Puto la arusi ya Masinga, jekundu,
lilisema kweli asubuhi moja
kisha likachanika katikati ya neno.
Dada yangu Sechelela, anayefagia wodi,
akaniletea glavu ambayo haijavaliwa
akaniapisha nisiulize.
Kidole cha kati ndicho chembamba zaidi.
Nilikata hapo, kwa wembe mpya.

Sasa kuwamba. Hapa hakuna rula.
Ukikaza mno, ni mbu.
Ukilegeza, ni mtu mzima anakoroma.
Mtoto wa digidigi ana siku nne duniani,
hofu yake bado haijazoea koo;
basi upande mmoja uzidi mwingine,
ili sauti ije ikichechemea.

Siku ya Jumanne nilivuka shamba la zabibu,
nikapita korongo lililokauka,
nikalala kifudifudi nyuma ya mgunga.
Nikalia.
Upepo ulikuwa unanijia usoni, wenye vumbi.
Nikalia tena, kifupi, kama aliyekanyagwa.

Akaja.
Miguu kama vijiti vya kuchokonolea meno,
jicho moja pana, lenye hasira ya jirani.
Na nyuma yake dume, maana hawa hawatembei mmoja mmoja.
Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu.
Nikavuta upinde wa baba
na ugwe ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.
Miezi miwili nimekaza mpira wa glavu.
Upinde sikuwahi hata kuufuta vumbi.
Nikacheka, kilio kikiwa mdomoni,
na sijui mnyama gani hutoa sauti ile,
lakini wao walimjua, wakaondoka.

Nyumbani Nyemo akatazama mikono yangu.
Umeleta nini?
Sikuwa na jibu, nikamlilia, kama nilivyolilia porini.

Uani mama alikuwa anapepeta.
Ungo ukasimama.
Akaja hadi mlangoni, pumba nyusini,
akanitazama mdomo, si macho.

Kushoto bado kumelegea, akasema.

Umejuaje?

Alikuwa anakipima kwangu, usiku,
wakati wewe ni mchanga.
Nikiamka nikalitoa ziwa
na wewe umelala fofofo,
alijua kimekaa.

Akarudi kwenye ungo wake.
Nikatafuta wembe.